Ingia na Selpher

Kiti kilikuwa na joto.

Norah alikikalia asubuhi, akaruka kama aliyekalia kaa la moto, kisha akakipapasa kwa kiganja. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa kitambo na kuondoka sasa hivi. Na Norah ndiye aliyefungua mlango wa chumba cha dawa kwa ufunguo wake mwenyewe, na dirisha la chumba hicho lina vyuma ambavyo hata paka wa mtaa wa Mowlem, wembamba walivyo, hawapenyi.

"Mulama!" akamwita askari wa lango. "Nani amelala humu?"

"Nani alale humo, mama? Ufunguo si uko na wewe?"

"Kiti kina moto."

"Labda ni jua."

"Jua gani, na hata halijatoka vizuri?"

Mulama akacheka, akarudi langoni kuota jiko lake. Mtu mwenye akili angefunga mlango ule na kwenda zake. Norah alipangusa kiti kwa kitambaa chenye dawa ya sakafu, akakaa. Mwenye nyumba anayedai kodi hangoji mpangaji amalize kuogopa.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya Daktari Zedekiah, kwenye orofa ya chini ya jumba moja, juu wapangaji, kando duka la gesi. Akina mama walikwenda kujifungulia pale kwa sababu palikuwa karibu, palikuwa safi, na daktari alikuwa na sauti nzuri. Sauti nzuri imezika watu wengi. Alikuwa ameleta kompyuta akaiweka chumba cha dawa, akaifundisha Kiswahili ili kila mtu aielewe, akawakusanya wafanyakazi. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna dawa inatoka stoo bila jina. Kila anayetoa sindano, mashine itaandika ni nani na ni saa ngapi. Kusingiziana kumekwisha."

Maneno matamu. Sasa sikia walivyofanya.

Mtunza dawa wakati huo alikuwa Selpher, mwanamke wa Malava, mkali wa kazi na mchache wa maneno. Jina lake kwenye mashine lilipewa nguvu kuliko mengine: mtu akikosea kuandika, jina la Selpher peke yake ndilo liliweza kurekebisha. Selpher akaugua kifua, akafa. Wakamchangia, wakamsindikiza kwa basi mpaka kwao, wakamzika, wakala, wakarudi. Jina likabaki kwenye mashine. Kulitoa kulitaka Willis, fundi wa kompyuta, aje, na Willis ukimwita Jumatatu anakuja mwezi ujao. Tena jina lilikuwa na faida. Norah, aliyerithi ufunguo wa stoo, aliandika paswadi ya marehemu kwenye kipande cha plasta, akakibandika chini ya meza, na kila mtu akajua kilipo.

"Norah, nimeandika chupa mbili na nimetoa moja."

"Ingia na Selpher."

"Imekataa."

"Ingia na Selpher, itakubali."

Mchana kutwa hivyo, tangu mazishi. Na watu hawa walikuwa wa magharibi ya Kenya, si wageni wa mambo. Kwao mtoto akilia bila ugonjwa, bibi zake humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na likifika lile linalotaka, mtoto hunyamaza, naye hupewa. Jina la marehemu haliitwi ovyo, kwa sababu linaweza kuitika. Wote walijua hayo. Lakini mtu akiliandika kwa vidole anadhani hajaliita.

Baada ya kiti kuja harufu. Ilikuwa ile dawa ya mochari inayosafiri nyuma ya basi la mazishi usiku kucha, ambayo ukishaivuta mara moja hutaisahau. Ilikaa chumba cha dawa tu. Ukipita mlango, haipo. Norah alifungua dirisha, akamwaga Jik ya kuondoa madoa, akaleta ndimu. Harufu ikakaa chini ya ndimu ikimngoja.

Halafu ikaja sauti. Alasiri moja stima ilipotea mtaa mzima, mvua ikinyesha, na kwenye giza la chumba cha dawa herufi za kompyuta zikaanza kubonyezwa. Polepole, kama mtu anayetafuta kila moja kwa kidole.

"Nani yuko huko?" Norah akauliza akiwa koridoni.

Zikanyamaza. Kisha zikaendelea.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Daktari angemwandikia dawa za kichwa.

Jumapili iliyofuata Kathini akaletwa, msichana wa mtoto wa kwanza, uchungu umemshika. Siku hiyo walikuwepo watu wawili wa matibabu: Triza, nesi, aliyekuwa nyuma ya pazia akimwosha mama mwingine, na daktari mwenyewe, aliyekuwa akitazama saa yake kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wake. Mtu akamdunga Kathini sindano ya kuongeza uchungu, dozi ya kumwangusha ng'ombe. Kizazi kikapasuka. Mtoto akafa kabla hajaona mwanga, na Kathini akakimbizwa hospitali kubwa, akalazwa hajitambui. Wa kusema aliyemdunga alikuwa mashine peke yake.

Jumatatu daktari akamwita Triza ofisini.

"Sista, kaa."

"Nitasimama tu, daktari."

"Mashine inasema ni wewe."

"Basi mashine inadanganya. Nilikuwa kwa yule mama mwingine."

"Mashine haina shemeji wala jirani, sista. Itakusingizia kwa nini? Ni jina lako na saa yenyewe. Alhamisi mkaguzi anakuja kuchukua rekodi. Kiri mapema, nitakutafutia wakili."

"Na nikikataa?"

"Utaenda jela bila wakili."

Alisema hivyo kwa ile sauti yake nzuri. Triza alikuwa na binti mmoja wa darasa la tatu, Clare, na katika Nairobi nzima hakuwa na ndugu wa kumwachia. Mume alishajiondokea siku nyingi na godoro lao. Triza akifungwa, mtoto anaenda kituo cha watoto. Hapakuwa na jambo jingine kichwani mwake, na asikudanganye mtu kwamba alikuwa akipigania ukweli. Alikuwa akimpigania Clare.

Akamtafuta Willis. Alimpigia simu mpaka kijana akachoka kukata, akaja Jumanne alasiri na mkoba mgongoni, mvua ikimfuata.

"Sasa, sista."

"Poa. Niambie nani aliandika hii kitu kwa jina langu."

Willis akakaa kwenye kile kiti. Norah alitaka kumwambia asikae hapo, lakini kijana alikuwa ameshawasha mashine.

"Iko hivi," Willis akasema. "Mashine haioni uso. Inaona jina na paswadi. Mkiwa watano kwa jina moja, yenyewe inaona mtu mmoja ambaye hachoki. Mnaingia na nani?"

Wanawake wakatazamana.

"Na Selpher," Norah akasema.

"Selpher yule? Si tulimzika?"

"Tulimzika."

"Aki nyinyi." Willis akajikuna kichwa. "Basi hii rekodi haina maana. Mwenye jina hilo anaweza kutoa jina la mtu, aweke la mwingine, na asiache hata alama. Rekodi inakaa kwa mashine ile ile, na anayeandikwa ndiye mwenye kalamu. Ni kama umwachie mbuzi wa soko la Kiamaiko akuhesabie majani aliyokula. Nilimwambia daktari mapema: rekodi ziende kwa mashine nyingine, mbali, mahali mtu wa hapa hafiki. Na mtu akiondoka, jina lake lifungwe siku hiyo hiyo. Akasema ninamtafutia gharama."

"Utamwambia mkaguzi hivyo?"

"Nitamwambia. Lakini kwanza nilifunge hili jina."

Akaandika amri. Kioo kikajibu: SELPHER HAWEZI KUFUTWA. YUMO NDANI.

"Nani mwingine ametumia jina saa hii?" Willis akauliza.

"Nani, na sote tuko hapa?"

"Kwa mashine gani basi..." Akatafuta. "Ati ni hii hii."

Stima ikapotea. Taa zikazimika, friji ya chanjo ikaguna ikanyamaza, lakini kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka, na harufu ya mochari ikapanda kutoka sakafuni kama maji ya mtaro uliozibwa. Vidole vya Willis vilikuwa mapajani mwake, na mbele ya macho yao watatu herufi zikaanza kushuka zenyewe, moja moja, kila moja na mlio wake.

SELPHER AMEINGIA.

SELPHER AMEKETI.

"Hii programu haina amri ya kuketi," Willis akanong'ona. "Mimi ndiye niliiweka. Haina."

SELPHER ANAMTAZAMA WILLIS.

"Chomoa waya," Norah akasema. "Chomoa!"

Willis akauvuta waya ukatoka ukutani, akabaki ameushika mkononi kama mkia wa nyoka aliyekatwa, na kioo kikaendelea kuwaka, na kitambaa cha shati lake kikabonyea begani, vikunjo vitano, mahali ambapo vidole vya mtu hukaa anapokuegemea asome unachoandika, na ubaridi wa vidole hivyo ukashuka mpaka kiunoni mwake, na kioo kikaandika SELPHER AMEMSHIKA BEGA, na ndipo kijana akapata miguu, akatoka mbio akiacha mkoba na kiatu kimoja, akapita lango, akapita duka la gesi, na simu yake tangu siku hiyo haipatikani.

Triza akasimama ukutani. "Shahidi wangu ameenda," akasema.

"Wewe bado unafikiria shahidi?" Norah akamuuliza. "Na hiki nilichokikalia kila siku?"

Jioni hiyo Norah akatoboa siri aliyokuwa ameificha hata kanisani kwake. Kulikuwa na mama mmoja Shauri Moyo, Mkamba, Mbithe jina lake, anayeuza ndoo kuukuu njia ya kwenda soko la Gikomba, na mambo ya namna hii aliyajua.

"Pasta akisikia atanitoa kwaya," Norah akasema.

"Imba kwa sauti ya chini," Triza akamjibu. "Mlete."

Mbithe akaja Jumatano jua likizama, mgonjwa wa mwisho ametoka. Alikuwa mfupi, amevaa koti la kiume na gambuti za mpira, amebeba beseni la plastiki lenye majivu. Hakuwa na ushanga wala manyoya. Ukimwona ungemuuliza bei ya ndoo. Alinusa mlangoni, akasonya.

"Mlikuwa mnamwita kwa siku mara ngapi?"

Norah akaitazama ile plasta chini ya meza.

"Mnamwita mchana kutwa, halafu mnashangaa kuna mtu amekuja."

"Ni Selpher?" Triza akauliza kwa sauti ya kuiba.

"Selpher yuko kwao amelala, amewachoka. Hili ni jini. Jini wa aina hii hana jina. Anazunguka akitafuta jina linaloitwa na mwenyewe haitiki. Akilipata analivaa. Na nyinyi mmemvisha na kumlisha."

"Kumlisha nini?" Norah akauliza.

"Matendo. Kila mlichofanya na hamkutaka kionekane ni chenu, mlimpa. Sasa mtavichukua. Kila mtu aseme chake, kwa jina lake, na machozi asilete, sina wakati. Jina likibaki tupu atalivua."

Akamwaga majivu kuzunguka kiti. Kompyuta ikawaka bila kuguswa, na orodha ndefu ya SELPHER, SELPHER, SELPHER ikajaa kioo kizima. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akijiweka sawa. Majivu yakapata alama mbili za nyayo, visigino kwa mbele.

Norah akaanza. "Mimi Norah. Dawa ya kikohozi niliyosema imevunjika, haikuvunjika. Niliwapelekea wajukuu. Niliingia na Selpher."

Mstari mmoja ukatoweka kwenye kioo. Kiti kikaguna.

"Mimi Triza. Nilichelewa kuwapa mama wawili dawa zao, nikarudisha saa nyuma ionekane ni mapema. Niliingia na Selpher."

Mistari miwili ikaenda.

"Endelea," Mbithe akasema. "Kuna mwingine."

Mlangoni, Mulama askari akakohoa. "Mimi pia."

"Hata wewe, Mulama?" Norah akashangaa, hofu ikampotea kidogo. "Uliingiaje humu?"

"Ukienda chai, mama. Ni glavu tu. Shemeji yangu ana kazi ya kuosha matumbo ya mbuzi Kiamaiko, mikono inamchubuka."

"Na mimi nikaambiwa panya!"

"Panya gani anabeba glavu, mama? Mlitaka kuamini."

Wakaendelea hivyo, wakichukua moja moja, madogo na ya aibu, mpaka koo zikakauka. Orodha ikazidi kufupika, harufu ikapungua, na alama kwenye majivu zikaanza kufifia. Mwishowe ukabaki mstari mmoja. SELPHER AMEONDOA JINA ZEDEKIAH. AMEWEKA TRIZA. Na siku yake ilikuwa Jumapili ya Kathini.

Triza akausoma mara mbili. Hakulia. Alitabasamu vibaya.

"Huu wa nani?" Mbithe akauliza.

"Wenu nyinyi wachawi," ikajibu sauti nzuri kutoka koridoni. Daktari Zedekiah alikuwa amesahau simu yake akarudi kuichukua. Akaingia, akatazama majivu, beseni, gambuti. "Norah, na umri huo? Triza, jioni moja kabla ya mkaguzi unaniletea mganga kwenye chumba cha dawa?"

"Daktari," Triza akasema, "soma hapo."

Akasoma. Shavu likamcheza, basi.

"Sema ni chako, baba," Mbithe akamwambia, na safari hii kwa upole. "Sema mbele ya hawa watatu, kitoke. Mambo ya mkaguzi ni yenu huko. Mimi nataka neno tu."

"Si changu."

"Fikiria."

"Nimesema si changu! Mimi Zedekiah sijui lolote kuhusu huo mstari."

Hapo hewa ya chumba ikakatika, kama unapozamishwa kichwa kwenye pipa, na kiti kikajisukuma nyuma chenyewe kwa kishindo, na majivu yakaanza kupata nyayo mpya, kisigino kwa mbele, moja, halafu nyingine, zikitoka kwenye mduara ambao zilikuwa haziwezi kuuvuka, zikikokota majivu juu ya sakafu safi kuelekea mlangoni, na wanawake wakajibana ukutani, na Mulama akalitaja jina la Yesu katikati ya jina la mama yake, na nyayo zikafika mbele ya viatu vya daktari vilivyong'arishwa, zikasimama hapo kidole kwa kidole, na hazikuonekana zikienda kokote zaidi ya hapo.

Harufu ikaisha. Mstari ukafutika. Daktari akapepesa macho.

"Mmemaliza ujinga wenu?" akasema, akachukua simu yake, akaondoka.

"Limetoka?" Norah akauliza. "Mama, si limetoka?"

Mbithe alikuwa akizoa majivu yake. "Limehama. Jina la marehemu lilikuwa halitoshi tena, na huyu daktari amelipatia la mtu aliye hai, kwa kinywa chake." Akasimama, akawatazama mmoja mmoja. "Nyinyi mliobaki chungeni midomo. Kitu kikiwa chako na ukakikana, hakikosi wa kukiokota." Hata chai hakungoja.

Alhamisi asubuhi daktari akampigia Triza simu amngoje nje, asiingie. Triza akaingia garini mwa daktari, ng'ambo ya barabara, mbele ya kinyozi. Daktari alikuwa na karatasi tayari.

"Tia sahihi hapa. Unakubali ulikosea kwa uchovu. Watakuhurumia. Na yule mtoto wako nitamsomesha."

"Ulisoma ule mstari, daktari."

"Mstari gani? Uko wapi sasa? Rekodi inasema Triza."

Alisema kweli. Mstari ulikuwa umefutika, na kilichobaki ni jina la Triza. Triza akaichukua kalamu, akaishika tu. Dirisha la gari lilikuwa wazi. Kutoka kliniki, ng'ambo, kupitia pazia la chumba cha kutibia, ikasikika sauti nzuri ikisema, "Anayefuata, karibu."

Kalamu ikamdondoka Triza. Daktari aligeuza shingo polepole, kama mtu mwenye jipu. Mama mmoja mjamzito akainuka kwenye benchi, akaingia. Pazia likafungwa. Baada ya muda akatoka na karatasi ya dawa mkononi, uso umetulia.

"Hiyo ni sauti yangu," daktari akasema.

Alivuka barabara bila kutazama magari. Triza hakumfuata. Alikaa kwenye gari la mtu mwingine akisikiliza sauti ile ikiita wagonjwa, kisha ikanyamaza daktari alipousukuma mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti chake, koti lake jeupe limevikwa kitini na kufungwa vifungo, na karatasi yenye joto ikitoka kwenye mashine ya kuchapa: Mimi Daktari Zedekiah nilimdunga Kathini kwa haraka, nilikuwa nachelewa mkutano wa harusi, kisha nikabadilisha jina nikaweka la Triza. Na karatasi hiyo hiyo ilikuwa imeshatumwa kwa mkaguzi, kwa jina la daktari na paswadi yake ambayo hakumpa hata mke wake.

Mkaguzi alikuwa mama aitwaye Lorraine, mwenye miwani na ukimya. Alipofika alimkuta daktari amelowa jasho.

"Madam, sikuandika! Sikuwa ndani ya hii nyumba!"

"Rekodi inasema uliingia asubuhi, daktari."

"Rekodi inadanganya!"

"Na wagonjwa?" Madam Lorraine akaelekeza miwani kwenye benchi. "Mama, nani amekutibu?"

"Si ni huyu daktari," yule mjamzito akasema. "Mikono ilikuwa baridi, lakini leo amenisikiliza kuliko siku zote."

Triza alikuwa ameshavuka barabara, amesimama mlangoni; daktari akamshika mkono. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Sista. Mwambie. Tulikuwa wote garini. Mwambie madam ukweli."

Madam Lorraine akageuka. "Sista Triza, asubuhi hii ulimwona daktari wapi?"

Wewe ungesema nini? Triza alijua kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ile ni kweli neno kwa neno, na kwamba mkono wa Zedekiah haukuiandika, na kwamba akisema tu alikuwa naye garini karatasi inakuwa takataka, na rekodi ya zamani inasimama tena na jina lake juu, na Clare anapandishwa gari la kituo cha watoto akiwa na mfuko wa nguo. Na upande mwingine hakuna kilichotakiwa ila maneno mawili, madogo, dhidi ya mtu aliyekuwa tayari kumzika mzima. Alimkumbuka Mbithe na onyo lake kuhusu midomo. Alimkumbuka vizuri sana. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa daktari.

"Sikumwona, madam. Ndiyo nafika."

 Polisi walimchukua Zedekiah saa sita, na alipopita lango alikuwa bado anauliza kila mtu kama wamemwona akiwa garini, na kila mtu aliangalia kando. Wengi walifurahi. Alistahili, na sitakuambia hakustahili. Usiku huo Triza alilala kama gogo.

Ijumaa akamwacha Clare kwa jirani yake, Shirleen, akinywa uji, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Aliuona kwa macho yake mlango ukifungwa. Akatembea mpaka kazini na hatua nyepesi. Langoni Mulama akamkodolea macho, na hakulifungua.

"Mbona uko nje tena, sista?"

"Nje tena vipi? Ndiyo nafika."

"Nilishakufungulia." Mulama alisema polepole, akilishika lango kwa mikono miwili. "Umenisalimia, ukaingia ukicheka. Na Clare umemshika mkono."

Triza akamsukuma. Mulama hakusogea. Alikuwa akimwangalia viatu, akitafuta visigino viko upande gani.

Ndani, kutoka chumba cha dawa, mtoto akaita mama. Triza akafungua kinywa, na mtu mwingine akaitika.